Sumu ya Mongbwalu

"Séphora, mutaa wako unasema haukugonjwa kansa."

Madame Élise alivua miwani kwanza, kisha akasema maneno hayo kwa sauti ya chini, kama mutu anayemuambia mwenzake kwamba sketi imepasuka nyuma. Séphora akacheka. Mutu akikuambia haujazaliwa, utafanya nini zaidi ya kucheka? Lakini Madame Élise hakucheka, na Honoré, kijana wa ofisi, aliyesimama karibu na dirisha, alikuwa anaangalia viatu vyake. Cheko likamukauka Séphora mudomoni.

"Mutaa gani?"

"Rwambuzi yako. Honoré alizunguka kule kama anavyozunguka kwa vijana wote wanaoomba musaada. Kila mulango jibu lilikuwa moja: ule mutoto wa Koko Monique alilishwa sumu kule Mongbwalu, wakamutapisha, akapona, Mungu asifiwe."

"Ata mumoja hakusema kansa?"

"Ata mumoja," Honoré akasema. "Dada, mimi niliuliza mpaka mama mumoja akanifukuza na ufagio. Alisema ninamutafutia mutoto wao mikosi."

Séphora akafungua kitambaa cha shingoni. Chini ya sikio lake kulikuwa kovu refu kama kidole, linang'aa kama limepakwa mafuta.

"Na hii? Hii sumu ilikuwa na meno?"

"Mimi ninakuamini," Madame Élise akasema. "Karatasi zako za lopitali ya Kampala nimezisoma zote. Lakini mihuri inachongwa, mwanangu. Kuna kijana tulimulipia masomo, kumbe kansa yake aliinunua pamoja na karatasi. Tangu pale, wale wanaotuma feza walisema karatasi peke yake hapana. Watu watatu wa mutaa, wasio wa jamaa, waje hapa waseme kwa midomo yao: tulimuona, ilikuwa kansa. Majina yanaenda Ijumaa, saa sita ya muchana."

"Na nikiwakosa?"

Madame Élise akavaa miwani yake tena. Jibu walilijua wote watatu. Shirika lao, Tuendelee, liliwasaidia vijana waliotoka katika kansa: liliwalipia masomo, likawalipia na safari ya kwenda kupimwa tena. Lakini kijana, kwao, ni mutu asiyepita miaka ishirini na mitano. Séphora alikuwa nayo hiyo, na mwaka ujao atakuwa ameivuka. Ugonjwa ulimukuta akisomea kutibu wanyama, mwaka wa kwanza, siku zile anafundishwa kumuchoma ng'ombe sindano bila kupigwa teke. Ukamutoa shuleni. Ng'ombe wa jamaa waliuzwa mumoja mumoja kwa ajili yake, mpaka zizi likabaki na majani yaliyoota pasipo mutu wa kuyakanyaga. Pa kuokota minervali, feza ya shule, hapakuwa tena. Tuendelee ikikataa, basi masomo yamekwisha.

Akafunga kitambaa chake, akatoka.

Njia yote ya kurudi Rwambuzi alitembea anasema peke yake kama mulevi. Pikipiki zilimupita na vumbi lao jekundu, dereva mumoja akamuuliza, "Sista, tunaenda?" naye akamujibu, "Wapi!" kwa hasira mpaka kijana wa watu akaongeza mwendo. Waliponiona mifupa, alijiambia, walihama kwenye benchi ya kanisa. Sasa nimeota nyama, wanasema sikugonjwa. Ni mulango gani huu unaomutaka mutu awe mugonjwa na awe muzima, vyote siku moja?

Koko Monique, bibi yake, alikuwa mbele ya nyumba, ameketi juu ya kiti kifupi, anachagua maharagi.

"Mbanda wangu amerudi!" Ndivyo walivyotaniana tangu zamani, kama wake wawili wa mume mumoja, kwani Koko alisema yule babu marehemu ni mume wao wote wawili. "Uso gani huo? Kuna mutu ametunyanganya bwana?"

"Koko, ni nani aliwaambia watu mimi nilikula sumu?"

Koko hakuinua macho. Akatoa harage bovu, akalitupia kuku.

"Kitendawili."

"Koko, leo hapana."

"Kitendawili, ninasema."

"Tega basi."

"Niko na mugeni. Akiingia, nyumba nzima inakonda. Akitoka, nyumba nzima inakana kwamba alikuja."

"Hicho si kitendawili," Séphora akasema. "Hicho ni weye na jamaa yako."

Koko akaacha kuchagua.

Ilikuwa kweli. Siku ile majibu yalipokuja kwamba uvimbe wa shingo ni kansa, jamaa waliketi chumbani, mulango umefungwa, Koko akiwa katikati. Katika muji huu kansa hawaisemi. Wakiisema, wanaanza kukuletea pole ya kifo ungali unakula bugali. Tena wanasema inapita kwa damu, na Séphora alikuwa na wadogo wake wasichana. Ni nani atakayeleta ng'ombe za mahari kwenye nyumba ya kansa? Lakini sumu! Sumu haina aibu. Mutu akilishwa sumu, maana yake kuna aliyemuonea wivu, na wa kuonewa wivu ni mutu wa maana. Taabu ya sumu ni moja tu: inataka mukono ulioiweka. Koko hakutaka ugomvi na jirani yeyote. Akawaza, akakumbuka kwamba Séphora alikuwa amekwenda Mongbwalu kwenye ndoa ya binamu yake. Mongbwalu ni mbali ya kutosha, njia yake mbaya, na watu wake wanashinda ndani ya mashimo wanatafuta zahabu. Hakuna atakayeacha jembe aje hapa Bunia kujitetea. Basi ikawa sumu ya Mongbwalu. Na safari ya Kampala ikawa ya kwenda kuosha damu.

Séphora mwenyewe alikubali. Alikuwa kitandani, na neno hilo lilimuchekesha.

"Nilikulinda," Koko akasema.

"Ulinilinda. Sasa nimepona, Koko, ninaomba kitu kimoja tu, waamini kwamba niligonjwa. Watu watatu! Ijumaa ikifika saa sita, nimekwisha."

"Basi tutaenda mimi na weye. Nitasema yote."

"Jamaa haihesabiwi."

"Eh?"

"Wanataka majirani."

Koko akaweka ungo chini. "Mimi niliyeosha matapishi yako sihesabiwi, anahesabiwa yule aliyepita njiani anaziba pua? Nani alitunga sheria sawa vile? Ana mama, huyo mutu?"

"Njo vile wanasema, Koko."

"Wanasema vibaya." Akainua ungo tena. "Nenda kwa Papa Josaphat. Yeye ni nyumba kumi, neno lake linasimama. Umuambie ni mimi nimekutuma."

Papa Josaphat, mukubwa wa nyumba zao kumi, alikuwa anapigilia misumari kwenye kibanda cha mbuzi. Akamusikiliza Séphora misumari mitatu mudomoni, kwa hiyo hakuweza kumukatiza, na hiyo ilikuwa bahati. Mwisho akaitoa mumoja mumoja.

"Koko yako aliniambia sumu, nikasema sumu. Mimi siwezi kuingiza kichwa katika sahani ya watu nione kuna nini."

"Basi sasa ninakuambia mimi mwenyewe, Papa. Ilikuwa kansa."

"Ninasikia. Lakini fikiri weye mwenyewe. Juzi ule kijana wa ofisi alikuja hapa, nikamuambia sumu, nikiwa nimevaa na kofia yangu ya kazi. Leo nimufuate ofisini nimuambie kansa? Watasema nimekunywa bia yako."

"Papa, ni masomo yangu."

Alikuna shingo na nyundo. Hakuwa mutu mubaya, Papa Josaphat. Alikuwa mutu anayeogopa kutangulia.

"Hii habari ya sumu, aliyeitia miguu ni Mama Vahwere. Kila anayenunua dawa kwake anaambiwa hiyo. Akigeuza yeye, siye wote tutageuza, mimi wa kwanza. Akikataa, mimi peke yangu nitafanana muongo. Umulete Mama Vahwere, na Ijumaa nitavaa kofia."

Na hapo ndipo Séphora hakutaka kufika.

Kwani Mama Vahwere hakusema sumu kwa kuficha tu. Aliisema kwa kujivuna. Séphora aliporudi kutoka Kampala, kichwa kitupu, mifupa ya bega imesimama kama vining'inizio vya nguo, jirani huyo alipitisha kikombe juu ya ua: majani yaliyopondwa, machungu, ya kutapisha. Séphora aliyanywa ili Koko afurahi. Akatapika. Halafu nywele zikaota, nyama ikarudi, na mutaa ukaona kwa macho yake ni nani aliyemutibu wa mwisho. Tangu siku ile kiwanja cha Mama Vahwere hakikuwa tupu. Alinunua sufuria kubwa. Akatengeneza benchi. Na wageni wakiwa wengi aliita kupitia ua: "Séphora, mama, kuja usalimie watu!" Séphora alikuja, akageuka mbele yao kama mbuzi wa soko, akacheka, akarudi kwake. Mama huyu alimuletea uji kila asubuhi katika siku zile mbaya. Kugeuka kidogo mbele ya wageni kulikuwa nini?

Alimukuta jikoni, moshi mutupu, anakoroga.

"Karibu, mama! Nilitaka kukuita. Kuna watu wametoka mbali."

"Mama Vahwere, ninakuja na shida yangu."

Akamueleza. Mama Vahwere aliendelea kukoroga, lakini pole, pole zaidi, mpaka muiko ukasimama peke yake.

"Kwa hiyo ninyi mulinidanganya."

"Ndiyo, Mama."

"Koko Monique, rafiki yangu, aliniangalia machoni."

"Ndiyo."

"Na ule mutu mwenye viatu vyembamba, niliyemufukuza na ufagio, alikuwa amekuletea feza ya shule."

"Ndiyo, Mama."

Mama Vahwere akapiga makofi mara moja, akatikisa kichwa. Séphora hakujua kama ni kicheko au hasira. Pengine vyote viwili vilikuwa vinagombana ndani yake. Mwisho mama huyo akasogea karibu na kumushika mukono.

"Sikia. Mimi si mutu wa kuzuia mutoto masomo. Ijumaa nitavaa kitambaa changu cha Pasaka, nitaenda pale ofisini, nitasema kansa. Nitaisema vizuri, watalia. Josaphat nitamuleta kwa sikio, na wa tatu, ule jirani wa kona, nitamupata. Lakini ya ofisini inabaki ofisini. Hapa Rwambuzi tunabaki na sumu yetu. Unanielewa, mama? Niko na watoto wanaokula kwa sufuria hii."

Watatu! Séphora alitaka kumukumbatia. Ni nini kilichokuwa kigumu? Maneno mawili, milango miwili. Wazungu wa feza wangesikia lao, mutaa ungebaki na lake, naye angeingia darasani.

"Ninakuelewa, Mama. Aksanti sana."

"Basi kuja uwasalimie, wamechoka kukaa."

Wakatoka. Kwenye benchi waliketi mama mumoja muzee na binti yake mwenye mutoto mugongoni. Walitoka Aveba, wakapanda gari la mihogo. Binti alikuwa wa umuri wa Séphora, amejifunika shingo na kitenge ingawa jua lilikuwa kali.

"Munamuona huyu?" Mama Vahwere akaanza, sauti yake ya kazi. "Huyu alikuwa maiti. Sumu ya Mongbwalu! Geuka, mama, wakuone."

Séphora akageuka. Alipomaliza kugeuka, kitenge cha yule binti kilikuwa kimeteleza, kwa sababu mutoto alikivuta. Uvimbe ulikuwa pale chini ya sikio, upande uleule, mukubwa kama yai la kuku.

Nyamaza, Séphora akajiambia. Salimia, urudi nyumbani.

"Dada, inauma?" akauliza.

"Haiumi," binti akasema. "Ingeuma tungeenda lopitali. Haiumi, njo maana tunajua ni sumu."

"Na jasho? Unatoka jasho ukilala?"

"Mpaka ninakamua nguo asubuhi. Umejuaje?"

Mama Vahwere akacheka kwa nguvu. "Anajua kwani ilikuwa sumu moja! Séphora, aksanti, urudi sasa, Koko anakuita."

Koko hakuwa ameita mutu. Séphora akafungua kitambaa chake cha shingo. Hakuwaza. Kama angewaza, angeondoka.

"Mama, mimi sikula sumu. Mimi niligonjwa kansa. Ilianza sawa hii, bila kuuma. Walinikata hapa, wakapima, wakanipa dawa ya mushipa Kampala miezi na miezi. Dawa hii ya majani niliikunywa nikiwa nimekwisha kutibiwa. Munaenda lopitali leo, si kesho. Muwaambie wakate kipande wapime."

Mutoto akaacha kuvuta kitenge.

Yule mama muzee akamugeukia mwenye sufuria. "Mama, anasema kweli?"

"Kampala walimukata, mimi nilimutapisha," Mama Vahwere akajibu, kidevu juu. "Nani kati yenu anajua ni nani aliyemuponesha?"

"Mimi ninajua," Séphora akasema.

Mama wa Aveba akainama, akaokota kikapu chake. Akamushika binti yake mukono wakatoka. Séphora aliwafuata mpaka njiani, akawaonyesha njia ya lopitali, kata huku, kata kule, uulize pale kwenye mulingoti wa simu. Mama akajibu neno moja, "Tutaona," na wakaondoka upande ambao haukuwa wa lopitali wala wa gari la Aveba. Séphora akasimama anawaangalia mpaka kitenge kikapotea kati ya watu wa soko.

Aliporudi, Mama Vahwere alikuwa bado amesimama pale.

"Umeshiba?"

"Mama, yule binti atakufa."

"Mimi nilikuletea uji," mama huyo akasema, na sauti ya kazi ilikuwa imemutoka, akabaki na sauti yake tu. "Watu wanapita mbali na ua wenu, mimi nilipitisha mukono. Ninakuomba unyamaze kidogo tu, unaniangusha mbele ya wageni. Ijumaa nenda na kansa yako peke yako."

Ya uji ilikuwa kweli. Séphora akafunga kitambaa chake, akarudi kwa Koko.

Ijumaa Koko alivaa kitenge chake cha kanisa, akafunga na kilemba, akaenda na mujukuu wake. Séphora alimuambia hakuna maana. Koko akajibu kwamba miguu ni yake. Pale ofisini waliketi kwenye benchi. Papa Josaphat alituma neno kwamba ameitwa shambani, na pole nyingi. Honoré alitoka mara kwa mara kuangalia njia, anarudi, anasema, "Labda wako nyuma," na kila mutu alijua nyuma hakuna mutu. Vijana wengine waliingia na majirani wao, wakatoka wanacheka. Mumoja alikuwa na mukono mumoja, mwingine na jicho la kioo. Wao kansa yao ilikuwa imeacha alama nje, mutaa muzima haukuweza kuikana. Séphora akajikuta anamuonea wivu mutu mwenye jicho la kioo, akajichukia.

Ilipokaribia saa sita Koko akasimama bila kuitwa, akaingia, akasema yote: uvimbe, chumba kilichofungwa, Mongbwalu, beseni la matapishi. Madame Élise alimusikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, mikono juu ya meza. Hakuandika kitu.

"Mama, ninakuamini," akasema. "Nimewaandikia mara ngapi wabadilishe hii sheria. Wananijibu kwamba wanafikiri."

"Wafikiri basi," Koko akasema. "Wafikiri vizuri."

Wakarudi. Séphora alikuwa mbele, anatembea haraka ili asilie karibu na mutu. Walipoingia Rwambuzi akageuka, hakumuona Koko. Alikuwa amesimama kwenye mulango wa kwanza, anapiga hodi na ngumi.

"Koko, unafanya nini?"

Mama wa nyumba akatoka, sabuni mikononi. Koko akasema kwa sauti ya kusikika hata kwa wanaopita, "Mujukuu wangu aligonjwa kansa. Si sumu. Ni mimi nilidanganya."

"Koko, kuja ukae," yule mama akasema. "Tulijua."

"Mulijua nini?"

"Nywele zilianguka zote, Koko. Sumu inanyoa watu?"

Mulango wa pili jibu lilikuwa lilelile. Mulango wa tatu, muzee mumoja akaongeza kwamba mutoto wake ni muganga wa lopitali, aliwaambia mapema. Séphora alikuwa amefika karibu sasa, na hasira iliyokuwa imeketi kifuani tangu siku ya kwanza ikapanda mpaka kwenye meno.

"Kama mulijua, juu ya nini hamukusema? Mutu alikuja akawauliza! Alikuja hapa, kwenye mulango huu!"

Muzee akashangaa kweli. "Tungekuharibia vipi, mwanangu? Koko yako alitaka sumu. Siye si watu wabaya."

Ungewapiga na nini watu sawa hawa?

Koko alikuwa ameendelea. Alisimama mbele ya mulango wa Mama Vahwere, na hapo ngumi ilibaki hewani. Ndani walisikia muiko unagonga sufuria, na sauti za wageni waliokuja kunywa dawa.

"Iko saa ngapi?" Koko akauliza.

"Saa nane, Koko."

"Kumbe tumechelewa."

"Tumechelewa," Séphora akasema, akasimama kando yake. "Piga hodi."